Nimepanda kwa kupishana wiki tatu, zikachanua wiki ileile. Nani anaelewa mambo ya urefu wa siku kwenye bangi ya nyuzi?

Daftari_la_Shamba
2 Septemba

Wakuu habari za muda huu.

Kabla mtu hajaanza kunitania: ninafanya kazi kwenye shamba la majaribio lenye kibali, na tunachopanda ni bangi ya nyuzi na mbegu, ile hempu ambayo hata ukivuta gunia zima utaambulia kikohozi tu. Naiita bangi kwa sababu kibotania ni mmea mmoja, Cannabis sativa, na nikisema katani nusu yenu mtafikiria mkonge.

Kazi yangu ni ya kuandika. Kila asubuhi napita kwenye mistari na daftari, naandika mmea upi umefanya nini. Sasa msimu unaelekea mwisho na daftari langu mwenyewe limenishinda kulisoma.

Tuna mbegu za aina tatu, nitaziita A, B na C. A tuliipanda mara mbili, tarehe 10 Mei na tarehe 1 Juni. Nilitegemea zile za Juni zichelewe kuchanua kwa wiki tatu hivi, si ndiyo akili ya kawaida inavyosema? La hasha. Za Mei zilianza kutoa mashada tarehe 4 Agosti, za Juni tarehe 7. Siku tatu tu! Tofauti ilibaki kwenye kimo: za Mei zimenipita kichwa, za Juni zinanifika kifuani.

B nayo ni kituko chake. Ilipandwa tarehe hizohizo mbili, lakini yenyewe haina habari na kalenda. Kila kundi lilichanua kama siku 28 baada ya kuota, katikati ya Juni siku zikiwa ndefu kuliko zote likachanua, mwanzoni mwa Julai likachanua. Mimea yake mifupi, mingi haifiki kiunoni.

C imetoka latitudo za chini, karibu na 15. Leo hii ni ndefu kuliko mlango na haina dalili yoyote ya shada.

Halafu kuna jambo linaloninyima usingizi. Kwenye kona moja ya A kuna mimea kama thelathini ambayo imegoma kuchanua. Iko kijani kibichi, inaendelea kurefuka, na jirani zao hatua tano pembeni wana mashada yamejaa. Bosi anasema mbegu zilichanganyika kwenye gunia. Mimi sikubali, kwa sababu nilipanda juu ya trela nikaangalia kwa mbali: hiyo sehemu ina umbo la nusu duara. Mbegu zilizochanganyika haziwezi kuota kwa umbo, au nakosea?

Jingine dogo. Mwaka juzi kabla sijaajiriwa walichavusha A kwa chavua ya B. Watoto waliotoka, nimesoma kwenye daftari la aliyenitangulia, wote walingoja Agosti kama A. Mwaka huu tumepanda wajukuu, mimea 212, na 49 kati yao imechanua mapema kama B. Tabia ilikwenda wapi ikarudi?

Shamba liko latitudo ya 40 hivi, siku ndefu ya mwaka ina saa 15. Mnisaidie, kesho kutwa naandika ripoti.

---

Kiti_cha_Nyuma

"Shamba la majaribio lenye kibali." Sawa mkuu, tumekuelewa. Na mimi binamu yangu ana majaribio yake.

---

Mbolea_Kwanza

Mkuu Daftari, hiyo nusu duara ni naitrojeni. Mtu alimwaga mbolea pale, au palikuwa na lundo la samadi zamani. Mmea ukishiba naitrojeni hauna haraka ya kuzaa, unakula tu majani yanapanda. Nimeona kwenye nyanya mara nyingi. Na hao wa Juni waliochanua pamoja na wa Mei ni joto la Agosti limewasukuma. Usitafute mchawi mbali.

---

Daftari_la_Shamba

Mkuu Mbolea asante, naitrojeni niliiwazia. Ila nilipima udongo ndani na nje ya nusu duara, hakuna tofauti ya maana. Na kitu nilichosahau kuandika: ndani ya hiyo nusu duara kuna ukanda mwembamba, mimea mitatu tu, ambao UMECHANUA sawa na wengine. Imezungukwa na magoma (ndivyo ninavyoiita ile iliyogoma) kila upande. Lundo gani la samadi linaruka mimea mitatu?

---

Mama_Chumba_cha_Giza

Mwanangu Daftari, pole na hongera. Pole ya bosi, hongera ya kupanda juu ya trela.

Nimefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye vyumba vya kukuzia mimea, na jina langu la humu limetoka huko. Kazi ilikuwa kusukuma matoroli: saa kumi jioni unaingiza mimea kwenye chumba kisicho na tundu, unafunika pazia jeusi, asubuhi unaitoa. Siku nenda siku rudi. Ukifanya hivyo miaka mingi unaacha kufikiria mchana kabisa, unafikiria usiku tu. Na hapo ndipo jibu lako lilipo.

Nianze na A. Bangi nyingi ni mmea wa siku fupi, jina ambalo limekaa vibaya. Mmea hauhesabu mchana, unapima giza. Giza likifika urefu fulani bila kukatizwa, jani linapeleka taarifa kwenye ncha ya shina kwamba tuache kuotesha majani sasa, tutoe maua. Giza likiwa fupi ya hapo, mmea unaendelea kurefuka hata ukiwa na umri wa kutosha. Ndiyo maana wako wa Mei na wa Juni walikutana. Wote wawili walikuwa wamekwisha kupevuka, wanasubiri mlango mmoja ufunguliwe. Wa Mei walisubiri muda mrefu zaidi, ndiyo maana ni warefu. Umewahi kuona abiria wawili, mmoja kafika kituoni alfajiri na mwingine saa nne, basi likaja saa tano? Wamepanda basi moja.

Usishangae sana, hili lilimshangaza kila mtu. Garner na Allard, Wamarekani wawili, walichapisha mwaka 1920 kazi iliyoanza na soya na tumbaku. Walipanda soya aina ya Biloxi kwa kupishana tarehe, kama ulivyofanya wewe, zikaja kuchanua karibu wakati mmoja mnamo Septemba. Tumbaku yao, Maryland Mammoth, ilikuwa shambani inakua tu mpaka baridi inaiua haijatoa ua, lakini ukiiweka kwenye nyumba ya vioo wakati wa baridi inachanua ikiwa fupi. Walijaribu joto, unyevu, mbolea (Mbolea_Kwanza usikasirike), hakuna kilichojibu. Mwisho wakajenga kibanda cha giza, wakawa wanaingiza mimea alasiri. Ikachanua katikati ya kiangazi.

Lakini kwenye bangi yenyewe kuna Mfaransa aliyewatangulia, Julien Tournois. Huyu simsahau. Alipanda bangi na hopu (mmea wa kutengenezea bia) wakati wa baridi ndani ya nyumba ya vioo, akaona vimche vidogo vyenye majani ya kuhesabika vinachanua. Mwaka 1914 alikuwa ameshaandika kwamba kinachofanya kazi si kufupika kwa mchana kama kurefuka kwa usiku. Mwaka huohuo akafa vitani. Dunia ilichukua zaidi ya miaka ishirini kurudi pale alipokuwa amesimama: mwaka 1938 Hamner na Bonner, wakitumia gugu liitwalo Xanthium, walikatiza usiku mrefu kwa mwanga kidogo na mmea ukakataa kuchanua. Walipokatiza mchana kwa giza, haikubadilisha kitu.

Sasa umeelewa ninakokupeleka kuhusu nusu duara?

Kuna taa. Sijaona shamba lako lakini kuna taa hapo kwenye kona. Ya ulinzi, ya barabara, ya mlango wa stoo, sijui, ila iko juu kidogo na inamwaga mwanga kwa umbo la duara. Na hao watatu waliochanua katikati ya magoma wako nyuma ya kitu kinachozuia mwanga. Nenda usiku, simama pale walipo hao watatu, geuka uitafute taa. Kama utaiona kwa macho yako nitakula maneno yangu.

Nina uhakika kwa sababu nimewahi kuharibu jaribio la watu namna hiyohiyo. Mwanzoni mwa kazi, chumba kimoja cha soya kilikuwa na bomba linalovuja. Kila usiku saa sita naingia, nawasha taa, nakaza valvu, nazima. Dakika tano, haizidi. Nikaona nimefanya kazi nzuri, sikumwambia mtu. Wiki tatu baadaye msimamizi anauliza kwa nini chumba namba tatu hakina ua hata moja wakati namba nne, mbegu ileile, imejaa. Nilikaa kimya siku nzima ndipo nikasema. Alicheka, nashukuru, lakini jaribio lilianza upya.

Dakika tano zinatosha kwa sababu ya kitu kilichomo ndani ya jani kinachoitwa fitokromu. Ni protini yenye sura mbili. Mwanga mwekundu, wa nanomita 660 hivi, huigeuza iwe sura inayosema "ni mchana". Mwekundu wa mbali, nanomita 730, huirudisha. Gizani, ile sura ya mchana hupungua yenyewe taratibu. Ukiwasha taa katikati ya usiku unairudisha ghafla, na mmea unaona usiku mmoja mrefu umekuwa usiku mbili fupi. Lakini si fitokromu peke yake inayopima, kama mshumaa unaoisha, jinsi watu wanavyodhani. Mmea una saa yake ndani, ya mzunguko wa karibu saa 24, na mwanga unaoingia wakati saa hiyo inategemea giza ndio unaoharibu zaidi. Taa ya dakika tano saa moja jioni isingefanya kitu. Ya saa sita usiku ndiyo iliyoniaibisha.

B ni kisa kingine. B ni kama mtu asiyeangalia saa. Hesabu yake ni ya umri: majani kadhaa, fundo kadhaa, anachanua. Aina hizi ziliingia kutoka bangi za kaskazini, ambako kiangazi ni kifupi na mmea ukisubiri usiku uwe mrefu unakutwa na barafu kabla mbegu haijakomaa. Janischewsky aliieleza bangi ya mwituni ya namna hiyo huko Urusi mwaka 1924 akaipa jina la ruderalis, na wanabotania hawajamaliza kubishana kama inastahili jina lake au la. Mimi sina muda na ubishi huo. Kwa mzalishaji wa mbegu kilicho muhimu ni kwamba tabia ya B, kwa sehemu kubwa, inakaa kwenye mahali pamoja kwenye kromosomu, na ni tabia inayonyamaza ikikutana na mwenzake.

Kwa hiyo wajukuu wako: A ana nakala mbili za "subiri usiku". B ana mbili za "usisubiri". Mtoto anapata moja huku moja huku, na "subiri" ndiyo inayosikika, wote wanangoja Agosti. Ukizalisha watoto wao kwa wao, mjukuu mmoja kati ya wanne anapata "usisubiri" mbili. Robo ya 212 ni 53. Wewe umepata 49. Kwa mimea ya shambani hiyo ni hesabu safi kabisa, mpelekee bosi. Mwaka 2022 watafiti walichapisha ramani ya mahali hapo wakapaita Autoflower1, pamoja na pengine palipoitwa Early1 panapowahisha maua kwenye mimea ambayo bado inasikiliza usiku. Hivyo usishangae ukikuta kati ya wale wanaongoja wapo wanaotangulia wenzao kwa siku kadhaa. Mimi kila nikiambiwa tabia fulani ni ya jeni moja huwa nauliza zile nyingine zimekwenda wapi.

C hana tatizo. Nyumbani kwake, latitudo ya 15, siku ndefu kuliko zote ina saa 13 tu. Huko kwenu saa 13 inafika mwanzoni mwa Septemba, yaani leo. Yeye amezoea kusubiri giza la karibu saa 12, kwa hiyo ataanza kutoa maua majani ya miti mingine yakianza kudondoka. Mtapata nyuzi nzuri ndefu. Mbegu msahau.

Onyo moja la daftari na nimalize, mikono imechoka. Ukiona kwenye kifundo cha shina, pale kikonyo cha jani kinapoungana, vinyuzi viwili vyeupe, usiandike "umechanua". Bangi jike iliyopevuka hutoa viua hivyo vya mojamoja hata siku zikiwa ndefu, ni umri tu. Kinachongoja usiku ni shada: pingili zinafupika, ncha inajibana, viua vinajazana. Vijana wengi nimewaona wanaandika vile vinyuzi, halafu wanasema urefu wa siku hauna maana. Na andika dume na jike mbalimbali, maana dume kwa kawaida hutangulia.

---

Daftari_la_Shamba

Shikamoo mama. Nimesoma mara tatu. Nimefungua daftari nikaona tarehe za A nimeandika mashada, siyo vinyuzi, nimepona. Kwa B nimechanganya, nitarudia.

Kuna taa. Ni ya stoo ya dawa, kwenye nguzo, iliwekwa Juni baada ya wizi wa mabomba. Mchana huwa siioni kabisa, ni nguzo tu. Usiku huwa sipo. Nitakwenda leo.

---

Mama_Chumba_cha_Giza

Marahaba. Nenda na koti.

---

Mbolea_Kwanza

Mama naomba nibishe kidogo kwa heshima. Kama taa ndogo inaweza kuzuia, mbona mbalamwezi haizuii? Mwezi mpevu unawaka usiku kucha.

---

Mama_Chumba_cha_Giza

Bisha tu mwanangu. Mwezi mpevu ukiwa juu kabisa unatoa kama robo ya lux (kipimo cha mwanga), hata haifiki tatu ya kumi mara nyingi. Taa ya barabarani chini yake unapata lux kumi, ishirini. Jicho lako linakudanganya kwa sababu linajizoeza giza, jani halijizoezi hivyo. Bado kuna mimea inayosumbuliwa na mwanga mdogo sana, lakini mmea wa siku fupi ambao ungeshindwa na mwezi ungekuwa umekwisha kupotea duniani, usingezaa.

---

Sina_Maabara

Samahani mama, mimi ni mwanafunzi. Kama bangi inapima usiku, ukiipeleka ikweta ambako usiku ni karibu saa 12 mwaka mzima inafanyaje? Si itachanua tu siku yoyote?

---

Mama_Chumba_cha_Giza

Swali zuri, na ndilo lililowagharimu watu wengi mbegu.

Mbegu ya nyuzi iliyozalishwa Ulaya, tuseme latitudo ya 48, imezoea siku ya saa 16 wakati inakua. Giza lake la kuanzia maua ni fupi, saa tisa au kumi hivi, kwa sababu huko ikisubiri zaidi itakutwa na baridi. Ukiipanda ikweta, usiku wa kwanza tu baada ya kupevuka umekwisha kupita kipimo chake. Kuna kipindi cha utoto ambacho mmea hausikii chochote, jani halijawa tayari, hicho kikiisha tu unachanua. Unapata mmea mfupi wenye shada juu, nyuzi hakuna. Mkulima anasema mbegu mbovu. Mbegu haina ubaya, ila saa yake imesetiwa kwingine.

Sasa kuna njia ya kutoka. Soya ilikuwa na tatizo hilihili: ilipopelekwa latitudo za chini za Brazili ilikuwa inachanua ikiwa fupi mno. Wazalishaji walichofanya ni kutafuta aina zenye utoto mrefu. Usiku bado ni wa saa 12, lakini mmea unachelewa kuanza kuusikiliza, na katika kuchelewa huko unapata kimo. Kwa bangi wanaofanya kazi latitudo za chini wanaangalia mlango huohuo, pamoja na kuanza na mbegu za kitropiki ambazo kipimo chao kiko karibu na saa 12 tangu asili. Aina kama C ya huyu ndugu yako, anayeiona tatizo, wewe wa ikweta ungeichukua kwa mikono miwili.

Na "karibu saa 12" usiipuuze hiyo "karibu". Kwenye ikweta mchana ni saa 12 na dakika saba hivi, haubadiliki. Ukisogea latitudo ya 10 tu, tofauti kati ya siku ndefu na fupi inafika saa moja na dakika kumi. Kwa mmea unaosoma tofauti ya dakika thelathini, kama mpunga wa aina fulani, huo ni mwaka mzima umeandikwa mbinguni.

---

Sina_Maabara

Asante sana mama. Na taarifa inatokaje kwenye jani hadi ncha? Mwalimu alisema homoni, akapita haraka.

---

Mama_Chumba_cha_Giza

Alipita haraka kwa sababu kwa miaka sabini hakuna aliyeishika. Chailakhyan, Mwarmenia wa Muungano wa Kisovieti, miaka ya 1930 alionyesha kwamba ni jani linalopima na si ncha, akakipa kisichoonekana jina la florijeni. Watu wakaunganisha majani ya mmea uliochanua kwenye mmea ambao haujachanua, nao ukachanua, lakini kila aliyekamua jani kutafuta hiyo florijeni alitoka mikono mitupu. Mwaka 2007 ndipo ilipokubalika kwamba ni protini, inaitwa FT, inatengenezwa kwenye jani na kusafiri ndani ya mishipa ya chakula hadi juu. Ilionyeshwa kwenye Arabidopsis, kimea kidogo cha maabara, na kwenye mpunga. Bangi nayo ina ndugu za FT.

Nilikuwa bado nasukuma matoroli mwaka huo. Tulinunuliana soda.

---

Daftari_la_Shamba
3 Septemba

Mama, nimekwenda jana saa nne usiku.

Taa ni nyeupe, kali. Nina programu ya kupima mwanga kwenye simu, najua si ya kuaminika sana lakini ndiyo niliyonayo. Kwenye mmea wa karibu na nguzo ilisoma lux 22. Kwenye mpaka wa nusu duara, pale wanapoanza waliochanua, ilisoma 1, wakati mwingine 0.

Halafu nikaenda kwa wale watatu. Nikasimama katikati yao, nikageuka. Giza. Kuna tangi la maji la lita elfu tano kati yao na nguzo, kivuli chake kinapita juu yao kama ulimi. Nilinyoosha mkono kulia, vidole vikang'aa. Nikaurudisha, vikapotea. Nilibaki nacheka peke yangu shambani usiku, mlinzi akaja na tochi kuniuliza kulikoni. Nikamwambia zima hiyo tochi unaniharibia mimea.

Leo asubuhi nimemweleza bosi. Hakusema kitu kuhusu gunia. Kasema fundi aweke kifaa cha kuwasha taa mtu akipita tu.

---

Kiti_cha_Nyuma

Hapo kwa mlinzi nimecheka kwa sauti. Naomba radhi kwa mzaha wa juzi mkuu, nafuatilia uzi.

---

Mama_Chumba_cha_Giza

Vidole vikang'aa! Hiyo iandike kwenye ripoti, neno kwa neno.

Andika na tarehe fundi atakapomaliza. Kisha hesabu siku. Unachokiona kwa macho huwa kimeamuliwa wiki moja na nusu au mbili nyuma, kwa hiyo hata ile tarehe 4 Agosti ya A si siku mlango ulipofunguka. Rudi nyuma, utakuta mchana wa saa 14 na nusu hivi mwishoni mwa Julai. Watu wanaandika siku ya ua, wanaenda kwenye jedwali la jua siku hiyohiyo, wanatoka na kipimo kisicho sahihi.

---

Daftari_la_Shamba
20 Septemba

Marejesho. Fundi alimaliza tarehe 5. Magoma yalitoa mashada ya kwanza tarehe 17, siku kumi na mbili. Leo ni mimea 26 kati ya 31. Mitano iliyobaki iko chini ya nguzo kabisa, na nimegundua paka wa stoo anapita hapo kila usiku anawasha taa.

C imeanza kujibana kwenye ncha, nadhani. Nimehesabu pingili tatu zimefupika. Nitaandika "huenda" mpaka kesho.